Sakafu ya Elimu

Adventina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuburuta kahawa yake nje ya mahakama ya zamani. Gunia lake lilikuwa na kiraka cha kitenge chenye maua mekundu, na watu wa Chonyonyo walilitazama likipita mlangoni.

Jengo hilo la mkoloni halikuwa limesikiliza kesi kwa miaka mingi. Lakini bati lake halikuvuja, na kila msimu wa mavuno, mvua ikitishia, watu walianika kahawa humo. Sasa Bwana Cassian, afisa wa mradi kutoka Bukoba, alitaka liwe kituo cha elimu ya vijana.

"Elimu kwanza, kahawa baadaye!" alinguruma kwenye kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, maana kwetu kipaza sauti hakijawahi kunyimwa makofi.

Mzee Nolasco hakupiga. "Na mvua ikija, mwanangu, tutaanika wapi?"

"Shikamoo, mzee. Hili ni jengo la kihistoria. Historia haianikiwi kahawa."

Adventina alimsogelea mzee. Alikuwa akiwafundisha vijana waliokosa sekondari ushonaji barazani kwake, na mvua ikinyesha walifunika vyerehani kwa majani ya migomba na kurudi makwao. Wengine hawakurudi tena darasani. Jambo hilo lilimuuma sana.

"Ta Nolasco, tuvumilie msimu huu mmoja. Ni kwa ajili ya wajukuu zako."

Mzee akatoa magunia yake kwa shingo upande. Wengine wakafuata.

Bwana Cassian alisimamia ukarabati mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa. Sakafu ilisakafiwa upya ikawa laini kama sahani. Madirisha yalipanuliwa, kwa kuwa ubongo unahitaji hewa, kisha yakawekewa wavu kuku wasiingie. Mlangoni pakafungwa kufuli nene. Adventina alipouliza kuhusu madawati na ubao, afisa alitabasamu.

"Mwalimu, madawati ni mambo ya jana. Siku hizi kijana anajifunza akiwa huru."

Adventina hakuelewa vizuri, lakini alimwamini. Jumapili alimwombea kanisani kwa jina.

Ng'ombe wa maskini hazai. Wiki hiyohiyo mvua ikashuka, na kahawa iliyoanikwa uani kwenye majamvi ikaanza kuota ukungu. Kwa bahati ikapita pikapu nyeupe ikinunua kahawa mbichi kwa bei ya kutupa. Dereva hakusema ametumwa na nani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza. Adventina aliuza yake pamoja na gunia, machozi yakimlengalenga. Alijifariji kwamba Jumatatu kituo kingefunguliwa.

Jumatatu asubuhi alifika na cherehani kichwani, vijana wake nyuma wamebeba vitambaa na viti. Juu ya mlango palikuwa na maandishi mapya ya rangi ya bluu: KITUO CHA ELIMU YA VIJANA. Mlango ulikuwa wazi. Projest, mlinzi, aliinuka haraka kwenye kiti chake.

Adventina alichungulia ndani, akashusha cherehani taratibu. Kahawa ilikuwa imetandazwa ukuta hadi ukuta, ikipigwa na upepo mzuri wa madirishani. Kwenye kona palikuwa na rundo la magunia matupu, na la juu kabisa lilikuwa na kiraka cha maua mekundu.

Hasira zikampanda. Akawageukia wazee waliokuwa wamekaa kando ya barabara, Nolasco akiwa katikati yao.

"Nani ameirudisha kahawa humu?" alifoka. "Hamna haya? Mtu wa watu amehangaika na jengo hili tangu mwanzo! Bwana Cassian akija leo nitamwambia nini?"

Adventina akanyanyua mguu kuingia, aanze kuizoa mwenyewe.

"Vua viatu kwanza, mwalimu," Projest alisema kwa upole. "Bwana Cassian hataki mchanga kwenye kahawa yake."