Raketi za Wageni

Gari la wageni lilikuwa halijatoka hata getini, mwalimu mkuu akamwambia Kubra azikusanye raketi zote mpya.

"Zinaenda stoo, madamu. Hawa watazivunja."

Kubra alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka miwili alikuwa akija shule hii ya Tandale kila Jumamosi, kwa kujitolea, kuwafundisha watoto hawa mpira wa vinyoya kwa vibao vya mbao. Leo wamepewa raketi, wamepigwa picha wakicheka, basi.

Hata hivyo alichukua boksi, akaanza kuzikusanya. Alipofika kwa binti mmoja wa darasa la sita, raketi haikutoka. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeung'ang'ania mpini, nailoni ya dukani bado imeufunika.

"Madamu, mie sijapiga hata mara moja."

"Mnyang'anye huyo!" mwalimu mkuu alifoka.

Kubra akaligeuza boksi, akazimwaga raketi zote mavumbini.

"Kila mtu achukue yake," aliwaambia watoto. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Ukizitaka, njoo uwanyang'anye mwenyewe."

Mwalimu mkuu alivua koti, akalitupa kwenye kiti cha wageni, akaanza kuja.

Kubra hakusogea.