Mvuke wa Kipupwe

Tangu baridi iihame Makete, ilikuwa amri kila nyumba itundike picha ya kipupwe iliyochorwa na mtoto. Ati macho yakipoa, mwili nao utapoa. Mwalimu Atupele ndiye aliyefundisha kuichora: sakitu, umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani ya viazi, na bibi mwenye sweta, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Mwalimu, huyu bibi anaungua?" watoto waliuliza kila mwaka.

"Anapumua tu. Ndivyo na mimi nilivyofundishwa."

Jioni moja alimkuta bintiye Sekela amelala chini ya picha yake, mwili unachemka kwa homa ya joto, akiupulizia ukuta.

"Mama, mbona mvuke wangu hautoki?"

Atupele alichovya kitambaa mtungini. Maji yenyewe yalikuwa moto.

"Puliza polepole, mwanangu."

Sekela akapuliza. Alipochoka, mama yake akapokea zamu, akaupulizia ukuta yeye.