Mlango wa Handaki

Hapo zamani mwewe walipopigana vita na viumbe wadogo wa bondeni, wadogo hao walichimba handaki la kujificha wote, jembamba mno kwa mwewe kupita. Mlango wake wa nyasi akakabidhiwa Nguchiro, aliyependa utaratibu kuliko chakula.

Siku ya kwanza ya vita, Bi Kware alifika mbio na vifaranga wake.

"Hodi!"

"Nani?" aliuliza Nguchiro.

"Mimi!"

"Mimi nani? Wa ukoo gani? Ulichimba upande upi?"

Bi Kware alijibu yote. Alipofunguliwa, manyoya yake ya mkia yalikuwa yamebaki kwenye kucha za mwewe.

"Pole, mama," Nguchiro alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

Kesho yake Nguchiro alitoka kutafuta mchwa, akamwachia Bi Kware mlango. Mara mwewe hao! Nguchiro alirudi akihema, kivuli cha mwewe kikimfunika mgongo.

"Hodi! Hodi jamani!"

Vifaranga, waliokwisha kulishika somo, waliitikia kwa pamoja: "Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Wa ukoo gani?"

Nguchiro alifungua kinywa, asikumbuke hata jina la baba yake. Bi Kware akasukuma mlango, akamvuta ndani kwa sikio.

"Ingia kwanza, baba. Jina utalikumbukia humu humu."

Jioni ile Nguchiro aliung'oa mlango, akawatandikia vifaranga wapate kuulalia. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumaliza kusema hodi pale. Karibu ya Nguchiro humkuta mgeni angali njiani.