Mashine ya Chumba cha Nyuma

Siku Alain alipoondoka kwenda Kanada, kwaya nzima ilimsindikiza uwanja wa ndege ikiimba, na Mama Marcelline wa kwaya hiyo akamvika koti zito walilomchangia. Tangu siku hiyo, dirisha la chumba cha nyuma, nyumbani kwa Alain huko Queensburgh, halikufunguliwa tena.

Ukungu mweusi ukapanda ukutani hadi darini. Ghislaine, mkewe, alivumilia mpaka baridi ya Juni, kisha akamwita Chacha, Mtanzania anayefunga mashine za hewa majumbani. Mama Marcelline naye akaja, bila kuitwa.

Chacha akapitisha kidole kwenye kioo. Maji yakachuruzika.

"Shemeji, humu analala nani?"

"Hakuna mtu. Naanikaga nguo."

"Si ufungue dirisha tu? Bure kabisa."

"Wezi," alisema Ghislaine, macho sakafuni.

"Wezi!" Mama Marcelline akacheka. "Sema unafungia harufu ya bwana. Hivi bado hajapiga hata video? Tuone basi hiyo theluji! Ao amekwisha pata mzungu?"

Uso ukamwaka Ghislaine. Kila Jumapili kanisani alilijibu swali hilo kwa uongo mpya.

Chacha akamwonea huruma, akafungua picha kwenye simu yake. Mashine hizi, alieleza, zinatoa hewa chafu na kuingiza safi, ila joto la ile inayotoka halipotei. Linabaki kuipasha inayoingia.

"Zinanunuliwa na watu wa huko kwenye barafu. Hapa Durban, shemeji, baridi iko wapi?"

"Iko," alisema Ghislaine. "Chumba hiki iko baridi sana."

"Haya, basi chukua hii. Kimya kabisa, hata ukilala chini yake husikii kitu. Hii nyingine ni ya zamani, inanguruma kama lori la Clairwood. Hiyo sikushauri."

"Nipe ya kunguruma."

Chacha akamtazama kama hakusikia vizuri. "Bei ni karibu sawa, shemeji."

"Nimesema ya kunguruma."

"Eish, Ghislaine!" Mama Marcelline aliacha kucheka. Akamshika mkono, na sauti yake ikawa ya upole. "Upweke utakumaliza, mwanangu. Jumapili tutakuombea, kanisa nzima."

Ghislaine alitamani ardhi ipasuke immeze.

Chacha aliifunga Jumamosi. Siku hizi inanguruma kutwa kucha, na Alain, aliyerudishwa na maofisa pale uwanjani kwa sababu ya visa ya bandia kwaya ilipokwisha kwenda zake, anaweza kukohoa humo chumbani bila kujiziba mdomo kwa koti la Kanada.