Kisanduku cha Ambakisye

Saa 4:10 asubuhi rejista ya wilaya ilionyesha watu 41,206. Walio hai na waliofariki, kwa pamoja, walikuwa 41,205. Tusekile, msanifu wa kanzidata hiyo, alimfahamu aliyepungua. Ni kaka yake Ambakisye, aliyekwenda kuchimba visima miaka sita iliyopita na hakusikika tena. Kisanduku chake cha hali kilikuwa kitupu: ukiuliza walio hai hatokei, ukiuliza waliofariki hatokei.

Sheria mpya ilitaka visanduku vyote vijazwe kabla ya saa tano. Kuandika "hai" kulihitaji sauti ya mhusika iliyorekodiwa mwaka huo. Tusekile alimpigia mama yake.

"Mama, niruhusu niandike amefariki. Tutakuwa wilaya ya kwanza nchini kumaliza."

"Umeona maiti?"

"Hapana."

"Basi unaandika nini, msomi mzima? Mimi sikusoma, lakini nisilolijua sisemi nalijua."

Hilo hasa ndilo Tusekile alilokuwa akiwafundisha wasanifu wapya. Hata hivyo, saa 4:52 aliandika. Hesabu zikalingana, ofisi nzima ikampigia makofi, naye akasimama wima kuyapokea.

Saa 4:53 kufuli la nyumba ya mama, linalofungukia sauti za wanafamilia walioandikwa hai kwenye rejista tu, lilitangaza kwamba limefuta sauti moja.

Saa 5:20 mama alichukua bisibisi, akaling'oa kufuli, kisha akauzuia mlango kwa jiwe ubaki wazi.