Kulizunguka Bwawa la Nara

Huu ulikuwa mzunguko wa tatu, na Ludovick bado alihakikisha maji yako kati yake na mama wa kitenge cha kijani. Mama akisogea, naye anasogea. Mama akisimama kutazama kobe, yeye anajibanza nyuma ya mti.

Kefa, mwenzake wa kozi, alichoka. Alikuwa amekuja kuliona bwawa la kale la hekalu, fahari ya mji wa Nara, si kukimbizwa kando yake.

"Yule mama ni nani?"

"Mtu wa kwetu Dodoma, Nkuhungu."

"Amekufuata mpaka Japani?"

"Tiketi nilimkatia mimi."

Kefa aliangua kicheko, kobe waliokuwa wanaota jua wakatumbukia majini. "Umemleta mwenyewe, halafu unamkimbia!"

"Kefa, usicheke. Tukikutana uso kwa uso nimekwisha. Dodoma nitarudi na sura gani?"

Alichungulia tena kutoka nyuma ya mti.

"Nilijua tu," Kefa alisema. "Wanawake watakuponza."

Ng'ambo, mama aliinama kuwarushia kobe makombo ya mkate. Jiwe lilikuwa na utelezi. Chubwi!

Watalii walitoa simu. Ludovick alitoka mbio, akalizunguka bwawa, na kabla ya kuingia majini akafanya kituko: alijifunika koti kichwa kizima. Alipapasa kama kipofu, maji kiunoni, mpaka akaupata mkono wa mama, akamvuta ukingoni.

Mama naye hakujifuta hata tope. Alijigubika kitenge usoni. Wakasimama wamepeana migongo, wote wanachuruzika maji.

Kefa alikuwa bado mdomo wazi alipomwona Dorothea, mke wa Ludovick, anakuja mbio na vikombe viwili vya chai. Leo ndoa ya watu inavunjika ugenini, na yeye ni shahidi! Akamkimbilia kumzuia.

"Shemeji, subiri, si kama unavyofikiri…"

Dorothea alimpita, akaenda kusimama katikati ya ile migongo miwili. Ndipo mama alipozungumza, bila kugeuka.

"Dorothea mwanangu, mwambie mumeo nimeshukuru, Mungu ambariki. Na mwambie pia, tukirudi Nkuhungu, mbuzi wa kumshika mkwewe mkono namdai."