Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Mwaka wa kikohozi, nyika nzima ilijifungia. Bi Ngiri, mwenye maringo ya bibi harusi, huingia shimoni mwake kinyumenyume, meno yakitazama mlango.

Akaja Muhanga, mla mchwa, na mwanawe, wamekimbia moto kwao, wapita njia tu. "Hodi, dada! Fisi yu nyuma yetu."

"Nani kakuita? Usinikoholee!" Ngiri akageuka kuikwepa pumzi ya mgeni, na kwa mara ya kwanza akautazama ukuta wa ndani. Subhana! Alama za kucha juu hadi chini, kucha zilezile zilizoshika kizingiti chake sasa. Kumbe shimo lilichimbwa na wapita njia wa ukoo huu huu. Yeye hajachimba hata tundu la panya.



"Hodi," Muhanga akarudia.

"Mwenye nyumba hapigi hodi, dada. Ingieni. Ukumbini mtalala nyinyi, chumbani mimi, mpaka kikohozi kipite."